Bawaba ya Kulia

9 Februari 1997

Kaka yangu,

Shikamoo. Barua hii naituma kwenye anwani uliyomwachia dereva wa basi, maana ndiyo pekee niliyonayo. Ikikufikia, ujue huku tunapumua. Mzee anaendelea. Sasa anatoka kitandani mpaka mlangoni kwa magongo mawili, anasimama pale kama mtu anayesubiri mgeni, kisha anarudi. Daktari anasema nyonga imeunga ila mguu wa kulia utabaki mfupi kidogo. Mzee kamjibu kwamba meza yenye mguu mfupi huwekewa kipande cha mbao, kwa hiyo haoni cha kuogopa. Unaona, useremala haujamtoka mdomoni, ingawa randa hajaigusa tangu Septemba.

Mimi na cherehani yangu tupo. Sare za shule zimekwisha, sasa nashona mapazia ya jengo jipya la ofisi. Mapazia matupu, mita kwa mita, hakuna kola, hakuna mkono, hakuna mteja wa kubishana naye vipimo vya kiuno. Mtu anaweza kuwa kichaa kwa kushona mistari iliyonyooka.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike, usije ukasema nazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Ni ile pikapu. Iko bandani palepale jirani alipoiegesha siku ile. Mlango wa nyuma tuliuokota barabarani, umeegemezwa ukutani, kona moja imepinda. Mwezi uliopita alikuja mtu akataka kuinunua. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akamuuliza kama na lile jino lake la mbele analiuza. Mtu akaondoka.

Nataka kuufunga ule mlango. Mimi mwenyewe. Cheka, ukimaliza endelea kusoma. Bawaba zote mbili za chini zimeliwa na kutu, moja imekatika kabisa. Makomeo ya juu hayafai. Mnyororo umebaki mmoja. Nimeulizia madukani, wenye maduka wananitazama kana kwamba naulizia meno ya mjusi. Gari la mwaka 1966, vifaa vyake nani anaweka? Lakini wewe uko kwenye yadi ya magari mabovu.

Nimekuwekea karatasi humu ndani. Nimechukua kipimo kama ninavyochukua cha gauni: nimelaza karatasi juu ya bawaba, nikasugua kwa chaki mpaka matundu yakajitokeza. Naomba bawaba mbili, makomeo mawili, minyororo miwili, na bolti zake. Mpe dereva wa basi, nitavipokea stendi.

Usiniulize kwa nini. Nitumie tu.

Mdogo wako,
Sindano

16 Machi 1997

Mdogo wangu Sindano,

Marahaba. Barua yako ilizunguka kabla ya kunipata, nilikuwa nimehama chumba. Kile cha kwanza kilikuwa juu ya mashine ya kusaga, kikombe kikitembea chenyewe mezani. Hiki cha sasa kina dirisha linalofunguka kwenye ukuta. Nitahama tena. Mwili ni mzima, kazi ipo.

Hapa yadi tunachinja magari. Asubuhi linaingia zima, jioni zimebaki mbavu. Mikono yangu haitakati tena, hata kwa sabuni ya unga. Bosi ni mtu wa maneno machache, yaani matusi tu, lakini si mbaya.

Karatasi yako nimetembea nayo wiki mbili. Pikapu kama yetu ipo moja tu, nyuma kabisa, imelaliwa na lori lililoungua. Nimeingia chini kwa tumbo, nimefungua kila kitu kwa kupapasa. Bosi kaniambia vifaa hivi mara ya mwisho viliulizwa yeye akiwa bado ana nywele. Chukua, akasema, viondoke.

Kwa hiyo mzigo huo hapo: bawaba mbili, makomeo mawili yenye springi nzima, minyororo miwili. Bolti nimekununulia mpya, na washa za mpira. Lakini nisikilize. Mpe fundi wa kuchomelea hapo jirani akufungie. Wewe una vidole vya kutia uzi tunduni. Mlango ule ukikuangukia mguuni tutakuwa na vilema wawili nyumba moja.

Umesema mguu utabaki mfupi kidogo. Kidogo ni kiasi gani? Usimwambie nimeuliza.

Na jambo jingine. Ukiandika, habari za siku ile usiniandikie. Nilikuwa dereva. Limekwisha.

Kaka yako

6 Aprili 1997

Kaka,

Shikamoo. Mzigo umefika salama, dereva wa basi anakusalimu, anasema una deni lake la hadithi. Mzee sasa anatembea kwa gongo moja. Kidogo uliyoiulizia ni vidole viwili, nimepima kwa futi yangu akiwa amelala.

Barua yako nilimsomea. Unajua miwani yake ilivunjika siku ile na hataki nyingine, anasema hakuna anachotaka kukiona kwa karibu. Kwa hiyo mimi ndiye macho. Nilimsomea habari za bosi, za lori lililoungua, za kikombe kinachotembea. Alitabasamu pale pa kikombe. Pale ulipouliza mguu nilikohoa nikaruka. Pale pa siku ile niliruka pia. Akaniuliza, “Mbona barua yake fupi na karatasi imejaa?” Nikamwambia mwandiko wako mkubwa.

Sasa tuje kwako, bwana mchinja magari. Bawaba mbili ulizotuma zote ni za kushoto! Mbili, za kushoto, kama mtu aliyevaa viatu vya mguu mmoja. Nimezigeuza juu chini, nimezigeuza ndani nje, nimekaa nazo sakafuni kama mtoto na vibao vyake. Ya kulia haipo. Ulipapasa nini huko chini ya lori?

Lakini sikukaa bure. Nimeanza kutoa vya zamani. Bolti zile zimekaa pale miaka thelathini, zimeshaolewa na bodi. Siku ya kwanza nilizimwagia mafuta ya taa, nikarudi kwenye mapazia. Siku ya pili nilivuta spana mpaka nikaona nyota, haikusogea hata moja. Fundi wa kuchomelea akaja na moto wake, akazipasha zikawa nyekundu, mbili zikakubali. Nne zilikataa. Akaniambia, “Hizi ni za tindo, mama.” Nikamwambia nipe tindo. Akadhani natania.

Kaka, nimekata vichwa vinne vya bolti kwa tindo na nyundo. Kimoja kilichukua saa nzima. Nilijipiga kidole gumba, kucha imekuwa ya zambarau, wateja wanadhani nimepaka rangi. Na kila nikipiga, Mzee yuko ndani anasikia. Bodi lile linalia kama kengele. Nilitegemea aniite aniambie niache. Akaniita kweli, nikaenda na nyundo mkononi. Akasema, “Fungua hili dirisha.” Basi. Nikalifungua. Nikarudi nikaendelea kupiga.

Nitumie bawaba ya kulia. Haraka, tafadhali. Siwezi kukaa na kazi hii nusu. Nikikaa kwenye cherehani naona matundu matupu yale ya bodi.

Sindano

25 Mei 1997

Mdogo wangu,

Nisamehe kwa kuchelewa. Si ugonjwa. Barua yako nilikuwa nayo tangu Aprili, nikianza kuandika nasimama, nakwenda dukani, narudi sijui nilifuata nini. Nimehama tena, hiki ni chumba cha tatu. Mwenye nyumba mpya ananiita “msafiri” kwa sababu sanduku langu sijalifungua. Nguo naichukua, naivaa, naifua, narudisha sandukuni.

Nilicheka hizo bawaba mbili mpaka bosi akaja kuuliza nani kafa. Kosa langu. Ile pikapu ilishawahi kufungwa na mtu mvivu, akaweka ya kushoto pande zote mbili, nyingine kaipinda kwa nyundo. Ya kulia ya kweli nimeipata kwenye gari jingine, la mwaka unaofuata. Matundu matatu yatalingana na karatasi yako, la nne litapishana kwa unene wa penseli. Usilazimishe bolti. Lipanue tundu la bodi kwa tupa ya duara, polepole, weka washa pana juu.

Nisikilize kazi inavyokwenda, maana naona huachi. Usikaze kitu. Weka bawaba zote mbili, bolti zote, kwa vidole tu. Uinue mlango na mtu mwingine, usiinue peke yako. Uulaze kwenye bawaba, uufunge, utazame uwazi wa kushoto na wa kulia, ulingane. Ndipo ukaze, moja huku, moja kule. Makomeo ndiyo ya mwisho. Minyororo uihesabu pete. Ukizidisha pete moja upande mmoja, mlango utakaa umejipinda, na siku ya mzigo utakatika upande ule mfupi. Ivalishe mpira wa baiskeli isikwaruze rangi.

Komeo zuri husikika. Linafanya ta! Lisipofanya hivyo halijashika, hata kama kwa macho limeshika.

Kwa nini wewe, Sindano? Najua ulisema nisiulize. Fundi angeifunga asubuhi moja.

Kaka yako

15 Juni 1997

Kaka,

Shikamoo. Mzee ni mzima, jana alikaa nje barazani akanitajia makosa ya mapazia yangu kwa mbali, bila miwani. Shangazi alipita akatuachia maziwa na umbea wa ukoo mzima, huo nitakuandikia siku nyingine.

Mlango umefungwa.

Nilifanya kama ulivyoandika. Barua yako niliibandika ukutani kwa mkanda. Bawaba ya kushoto iliingia kama mkono kwenye sweta. Ya kulia ilisumbua. Tundu la nne nilikaa nalo na tupa siku mbili, nasugua, nachungulia, nasugua. Kona iliyopinda fundi aliinyoosha juu ya reli. Nikapaka rangi ya kuzuia kutu, nikasubiri ikauke, na kusubiri kule ndiko kulikonichosha kuliko tindo. Halafu mimi na fundi tukauinua. Uwazi wa kulia ulikuwa mpana zaidi, nikaongeza washa moja, ukalingana. Nikakaza. Pete za mnyororo kumi na tisa kila upande.

Makomeo nikayafunga jana asubuhi. Nikaupandisha mlango kwa mkono mmoja. Kushoto ta. Kulia ta. Nikaufungua. Nikaufunga tena. Ta, ta. Kaka, nilifungua na kufunga mlango ule sijui mara ngapi. Fundi akatoka kibandani kwake, akaniuliza, “Una nini?” Nikamwambia najaribu. Akasema umeshajaribu vya kutosha. Nikagundua nalia.

Uliniuliza kwa nini mimi. Umenikataza kuandika siku ile, lakini barua ni yangu na kalamu ni yangu.

Siku ile nilikuwa na mteja barazani, yule mwalimu, gauni lake la kusimamia arusi bado lina pini na ananiita kila dakika. Mlikuwa mmeshapakia kabati. Mzee kapanda nyuma kulishikilia. Wewe uko kwenye usukani, injini inanguruma. Ukaniambia nifunge mlango. Komeo la kulia wote tulilijua, lilitaka uinue mlango kidogo halafu ulipige kwa kiganja mara mbili. Nililisukuma tu. Mwalimu aliniita tena. Ukauliza, “Umefunga?” Nikasema, “Nimefunga.”

Nikarudi kwenye pini zangu. Nilikuwa sijamaliza pindo nikasikia watu wanakimbia kuelekea mteremkoni, wanasema mlango umefunguka, mzee kaanguka na kabati.

Na hospitali, Shangazi alipouliza nani alifunga ule mlango, ulisema, “Mimi ndiye dereva.” Nilikuwa nimesimama pale. Nilifungua mdomo. Nikaufunga. Mzee alipokuambia yale aliyokuambia, mbele ya manesi, kwamba usiguse tena kitu chake chochote, nilikuwa nimesimama palepale. Wiki tatu baadaye ukabeba sanduku. Mimi ndiye niliyekukunjia mashati.

Nimekutoa nyumbani kwa neno moja. Sasa umelisikia.

Bado sijamwambia Mzee. Nangoja jibu lako.

Sindano

20 Julai 1997

Kaka,

Wiki tano. Dereva wa basi anasema barua alikupa mkononi, na kwamba uliisoma umesimama, ukaikunja, ukaondoka bila kumuaga. Umekasirika? Andika basi kwamba umekasirika. Nitukane kama bosi wako. Nakwenda stendi kila Jumanne na Ijumaa kama mtu mwenye kazi pale, muuza magazeti ananikaribisha benchi.

Sikuweza kungoja. Nimemwambia.

Ilikuwa Jumapili asubuhi. Alitaka kuiona pikapu. Akaja mpaka bandani na gongo lake, akaizunguka, akapapasa bawaba kwa vidole kama anavyopapasa ubao. Akasema, “Ya kulia imetoka kwingine.” Bila miwani! Nikasema ndiyo. Akasema, “Umeipatia.” Kaka, tangu nizaliwe hajaniambia neno hilo, hata nilipomshonea suti. Nikaona nikiipokea sifa hii kimya nitakuwa mwizi. Nikamwambia yote, mteja, pini, “nimefunga”.

Alipapasa tena bawaba ya kulia. Kisha akasema, “Ushushe.” Nikaushusha mlango, ukakaa kwenye minyororo. “Nisaidie.” Nikamshika kwapani, akajivuta, akakalia ule mlango kwa uzito wake wote, miguu inaning'inia, mmoja mrefu mmoja mfupi. Nikamwambia, “Baba, shuka, kwanza tuupime na mbao.” Akasema, “Kama ni wa kuvunjika, uvunjike mimi nikijua.”

Haukuvunjika. Haukulia hata kidogo.

Akajitingisha juu yake mara moja. Halafu akasema, “Nilimwambia mwanangu maneno ambayo mwizi hawezi kuambiwa. Naye alijua si yeye. Kwa nini alinyamaza?”

Nikasema sijui.

“Muulize.”

Basi nakuuliza. Si mimi, ni yeye. Tangu siku hiyo ameshika randa. Anafanya kazi amekaa kwenye kigoda, anachoka haraka, anagombana na misumari. Mimi nimepata leseni. Naiendesha pikapu mpaka sokoni na kurudi, gia ya pili inanichukia. Lakini kila jioni ananiuliza kama barua imekuja, na kila jioni nasema bado, na anatazama kando.

Jibu, kaka.

Sindano

10 Agosti 1997

Sindano,

Mpe Mzee shikamoo yangu. Nimeanza barua hii mara nyingi, sakafu imejaa karatasi. Sasa naandika yote kwa mkupuo, nikisimama nitashindwa.

Sikukasirika. Hilo kwanza.

Nilijua hukulifunga. Nilikuona kwenye kioo cha pembeni. Upande wa dereva ndio upande wa kulia, nilikuwa nakutazama. Niliona umelisukuma, hukuinua, hukupiga kiganja. Ndiyo maana nilikuuliza. Ukasema umefunga, na mimi nilijua hukufunga, nikaweka gia nikaondoka.

Uliza sasa kwa nini sikushuka. Zilikuwa hatua sita. Nilikuwa na haraka. Mfukoni mwa ovaroli nilikuwa na barua ya bosi, ya kuniita kazini huku, tangu Julai. Miezi miwili natembea nayo. Mzee alikuwa ameshampa mchoraji ubao aandike “Seremala na Mwanawe”, herufi za bluu. Kila nikitaka kumwambia, ananionyesha mahali atakapoutundika. Siku ile nilikuwa nimejipa moyo: tupeleke hili kabati, tukirudi nitamwambia. Nilitaka tu lifike. Nilijisemea, ni mwendo mfupi, litashika.

Na lile komeo ni mimi niliyeahidi kulibadilisha. Mara nne Mzee aliniambia. Mtu anayepanga kuondoka haoni sababu ya kutengeneza.

Hospitali nilisema mimi ndiye dereva kwa sababu ilikuwa kweli. Usinipe ushujaa nisiokuwa nao. Sikukulinda. Ningekuwa nakulinda ningekuambia kwamba nilikuona.

Sasa lile baya, ambalo limenifanya nisiweze kukaa chumba kimoja. Mzee aliponiambia nisiguse tena kitu chake, niliumia, ndiyo. Lakini chini ya maumivu kulikuwa na kitu kingine. Sikuhitaji tena kumwambia. Alikuwa ameniambia yeye. Wiki tatu baadaye nilikaa kwenye basi, nikatazama miti inarudi nyuma, nikapumua. Nilipumua, Sindano. Baba yangu amelala na nyonga iliyovunjika, dada yangu anapunga mkono stendi, na mimi napumua kama mtu aliyevua kiatu kinachobana. Ulijiona umenifukuza nyumbani kwa neno moja. Hukunifukuza. Uliniachia mlango wazi nami nikapita, nikakuacha na mgonjwa.

Hilo ndilo jibu la Mzee. Msomee yote. Safari hii usikohoe.

Kaka yako

31 Agosti 1997

Kaka,

Nakuandikia nimekaa kwenye kiti cha dereva, karatasi iko juu ya usukani, kwa hiyo usiucheke mwandiko.

Nilimsomea yote. Pale pa mara nne alitikisa kichwa, akasema, “Tano.” Pale pa kupumua nilisimama, si kwa hila. Akasema, “Soma.” Nikasoma. Akasema, “Rudia hapo.” Nikarudia. Kisha akavua ndala akaitupa ukutani, ikaangusha kalenda.

“Kumbe sikumfukuza!” akasema.

“Hukumfukuza, Baba.”

“Mwaka mzima nakaa hapa najua nimemfukuza mwanangu kwa mdomo wangu. Sili vizuri. Nikisikia basi natoka mlangoni. Kumbe mwenyewe kaketi kwenye basi anapumua!”

Alikuwa na hasira, kaka, hasira ya kweli, mishipa imemsimama. Halafu akaanza kucheka, halafu sikujua tena ni nini kile, nikaenda nikamshika mabega, akaniacha nimshike. Alipotulia akaniuliza, “Na wewe ulikuwa unajiona muuaji muda wote huo, unanipikia, unanisomea?” Nikasema ndiyo. Akasema, “Nyumba gani hii, watu watatu, kila mmoja anakula peke yake.”

Nikadhani yamekwisha. Asubuhi yake nikamkuta amevaa koti na viatu, amekaa barazani, gongo katikati ya magoti.

“Washa gari.”

“Twende wapi?”

“Kwake.”

Nikamwambia ni siku tatu kwa gari lile, na mguu wake, na mapazia yangu. Nikamwambia tupande basi kama watu. Akasema kwenye basi atakaa atafikiri, na akifikiri atateremka njiani arudi. Kwenye pikapu atakuwa na kazi. Sikuelewa kazi gani mpaka tulipotoka mjini. Amejifanya utingo wangu! Kila baada ya saa moja ananiamuru nisimame. Anashuka, taratibu, anazunguka nyuma, anapiga komeo la kushoto kwa kiganja, anapiga la kulia, anatingisha mlango, anagonga bodi mara mbili: twende. Nyuma hatujapakia kitu zaidi ya godoro na dumu la maji. Nimemwambia hakuna cha kuanguka. Akasema anajua.

Leo ni siku ya pili. Injini imechemka, tumeiegesha nje ya karakana ya mataruma ya reli, boneti iko juu. Mzee amekaa kivulini na fundi mmoja wa hapa, anamweleza jinsi binti yake alivyokata bolti nne kwa tindo. Zamu hii bolti zimekuwa sita.

Basi la kuja huko limesimama ng'ambo ya barabara kuteremsha watu, na dereva ni huyu wetu. Nitampa barua hii sasa hivi. Litatupita, utaisoma kesho asubuhi yadi, sisi tutafika jioni. Kwa hiyo una mchana mzima. Ukitaka kuondoka utakuwa na nafasi, sitakulaumu, ila mimi nisingependa kufika na mzee huyu mahali ambapo hupo.

Nimemuuliza atakuambia nini. Kasema hajui kama anakuja kukugombeza au kukutazama, atajua akikuona.

Ananigongea bodi. Ngoja nifunge boneti.

Sindano